Msomaji wa Kwanza wa Wilkista

Mwalimu jirani yangu hapa Mbale huhakiki riwaya za watoto kwa kuzisoma kwa sauti. Hulamba kidole, hufunua ukurasa, na kitabu kikimchosha hujipepea nacho. Mwaka 1996 Wilkista, mwandishi wa Jinja, alimletea mswada uliokataliwa na wachapishaji, eti msichana anayemshinda babake kwa hoja atawaharibu watoto. Mwalimu akalisomea darasa lake mswada huo. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, hakuna aliyeinuka. "Endelea, mwalimu!" wakapiga kelele. Akamgeukia Wilkista, aliyekuwa akilia kwenye benchi la nyuma. "Dada, usibadilishe hata neno. Hao mabwana wachapishaji niachie mimi." Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, naye mwalimu akapita nacho soko zima la Nakaloke, amekiinua juu kama kombe.