Difu Aliyoichagua Telesia

Asubuhi ile Telesia alichemsha viazi, akanimenyea vyangu, kwa sababu vidole vyangu hufa ganzi kwa baridi. Tulikula jikoni kwetu Lyamkena, karibu na moto. Miguuni pake palikuwa na difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, ameifunga ndani ya kitenge chake cha kanisani.

"Utachafua kitenge," nikamwambia.

"Kitafuliwa."

"Nipe mimi niipeleke Njombe. Wewe baki kwenye meza yako ya vipuri."

"Leo tunakwenda wote, Baba Oktavia."

Kesho yake presha ilimwangusha, hakuamka tena. Viazi namenya mwenyewe sasa.

Telesia aliuza vipuri vilivyotumika. Alianza na maandazi, pale stendi ya Makambako. Mafundi waliokosa hela walimlipa nati, boliti, kipande cha cheni, naye hakukataa. Meza ikaja kuwa na vyuma vingi kuliko maandazi, akaacha kukanda unga. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye maguta, pikipiki zile za matairi matatu zinazotoa mbao msituni. Aliwajua hao na shida zao zote. Shida yao kubwa ilikuwa tope.

Binti yetu Oktavia ameolewa Njombe na Benno, fundi wa kuchomelea mageti. Benno ni mtu mzima mwenye watoto, ila anapenda mchezo. Aliunda gari dogo la mbio, mabomba matupu, injini ya pikipiki nyuma ya kiti. Injini ya pikipiki huvuta kwa cheni. Basi alitafuta difu ya kupokea cheni. Mashindano ya magari ya kujiundia yangefanyika huku kwetu Makambako, baada ya mavuno.

Hakumwomba Telesia. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. Aliniambia mimi, nikalipeleka neno.

Telesia alitoa difu mbili. Ya kwanza, ukizungusha upande huu, upande wa pili unarudi kinyume. Ya pili ilitoka msituni. Wenye maguta huchomelea gia zake za ndani, ili matairi yote mawili yasukume pamoja, moja lisizunguke bure kwenye tope. Hiyo ukiizungusha, pande zote zinakwenda pamoja kama mti mmoja.

"Hii ya kwanza imelegea," akasema. "Mpelekee ya msituni. Haitamwaibisha."

Kwake chuma kizuri ni kile kinachotoka kwenye tope. Watu walimsifu kwa hilo miaka yote. Lakini gari la mbio linakata kona, na kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Difu iliyochomelewa hailiachi liende safari yake. Telesia hilo hakulifikiria. Mimi sikulijua kabisa.

Benno alilijua. Nilipomfikishia aliizungusha mara moja, akaiweka chini.

"Mama ndiye kachagua?"

"Kwa mkono wake."

Akaitazama tena. "Basi, baba. Mwambie nashukuru sana."

Kitu alichokupa mama mkwe hukigeuzi kukitafutia kasoro. Akaifunga kwenye gari.

Siku ya mashindano tulikaa mbele. Tangu asubuhi nilikuwa namwambia Hosea, jirani yetu, kwamba difu ile imetoka mezani kwetu. Nilimwambia hata alipokuwa hasikilizi.

Gari lilikimbia vizuri kwenye njia iliyonyooka. Watu wakasimama. Ikaja kona. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu. Benno akakata usukani, matairi ya mbele yakageuka, gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye marobota ya majani, cheni ikakatika. Benno akatoka, mzima, majani kichwani.

Uwanja mzima ulicheka.

"Fundi!" Hosea akapaza sauti. "Reli iko kule! Huku tunakata kona!"

"Nani kakuuzia difu ya kuvutia magogo?" mwingine akauliza.

Benno alipangusa uso. Alikuwa karibu nasi, alituona. "Nilichagua mwenyewe," akasema. "Ujinga wangu."

Telesia alivuta kitenge mpaka machoni. Mimi nilitazama viatu vyangu. Hosea akanigeukia, akakumbuka maneno yangu ya asubuhi, akaacha kucheka. Bora angecheka.

Tangu hapo Telesia hakwenda tena kusali Jumuiya. Mteja akiuliza difu, alijibu hakuna, na difu iko chini ya meza. Oktavia alipopiga simu alituambia Njombe mjini sasa wanamwita mumewe Treni. Hata watoto wa shule wakipita karakana wanapiga honi kwa midomo. Alisema huku anacheka, lakini simu ilipokatika Telesia alibaki ameishika.

"Jina ni langu," akasema, "analibeba yeye."

"Yatapita, mama."

"Kwako yatapita."

Akainama chini ya meza, akaivuta ile difu ya kwanza, aliyoiita imelegea. Akaanza kuisafisha kwa mafuta ya taa. Jioni nzima aliizungusha upande huu, akitazama upande wa pili ukirudi.

Ndipo tukafika asubuhi ya viazi.

Karakana ya Benno ilikuwa na watu: mafundi wake, wateja wawili wa mageti, na wale wasio na kazi wanaokuja kuota jua. Benno alipomwona mama mkwe wake aliweka chini kioo cha kuchomelea, akasogea nyuma ya geti lililosimamishwa, kama inavyopasa. Mimi nikasimama katikati, mahali pangu pa siku zote. Nikangoja maneno ya kupeleka.

"Nimwambieje?" nikauliza.

Telesia akanipita.

Nilitaka kumshika mkono. Uso wangu uliwaka. Watu wakaacha kugonga vyuma. Mmoja aliyekuwa ameanza kutania, "Treni leo ina abiria," alikatisha maneno yake. Telesia akaweka difu juu ya benchi, akafungua kitenge, kimeloa grisi. Hakumtazama Benno, alitazama benchi. Lakini sauti ilifika mpaka barabarani, kila mtu akasikia:

"Mkwe wangu, ile ya mashindano nilichagua mimi, na hii nayo nimechagua mimi. Igeuze, uitazame vizuri, kabla hujaifunga."