Lifti ya Dada

"Hivi Fundi," jirani muuza mboga alimuuliza asubuhi moja, huku akinyunyizia maji mafungu yake, "huyo dada yako anakupeleka kazini au anakupeleka kungoja?"

Fundi alicheka tu, akauvuta mtandio wake ukafunika upande wa kulia, upande wa jicho lisiloona. Alikuwa amesimama kando ya gari tangu jua halijachomoza, mkoba kwapani, viatu vinang'aa, na dada mtu yuko ndani bado anajipaka wanja. Milango ya gari imefungwa, ufunguo anao mwenye gari.

Watu walimwita Fundi kwa sababu ya kushona. Mumewe alipofariki, Mungu amrehemu, hakuacha nyumba wala mtoto, ndipo dada mkubwa akamchukua. Na jambo hilo dada hakutaka lisahaulike. Mgeni akiingia tu, hata maji hajapewa, ameshaambiwa, "Huyu ni mdogo wangu, nimemwokota." Fundi alikaa kibarazani na cherehani yake, akapunguza suruali za watu, akatia zipu, akageuza kola, maisha yakaenda. Siku moja akarudi kutoka sokoni, akakuta kibaraza kimefagiliwa na kupangwa vyungu vya maua. Cherehani haipo. Ile sehemu yake sakafuni ilikuwa imebaki nyeupe, mfano wa mahali palipoondolewa jeneza.

"Nimempa wifi yangu," dada akasema, wala hakugeuka. "Ilikuwa inanipigia kelele. Na wewe mwenyewe jicho moja, unashona nini cha maana?"

Hilo jicho lina kisa chake. Walipokuwa wadogo waligombea kitana, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Dada mkubwa akashinda, akakipata kitana, na kwa hasira ya kuvutwa akakirudisha usoni kwa mdogo wake, meno yakiwa mbele. Mama yao alipotoka mbio jikoni, dada ndiye aliyewahi kusema: "Kajichoma mwenyewe." Fundi alikuwa analia, hakuweza kusema lolote. Alipokuja kuweza, maneno yale yalishakuwa ya ukoo mzima. Mashangazi waliyasema, wajomba waliyasema, hata wakwe walipokuja kuposa waliambiwa hivyohivyo. Naye aliyaacha. Alikuwa akimheshimu dada yake.

Basi cherehani ilipoondoka, Fundi akatafuta kazi. Akasikia kwamba lile duka la nguo la nje ya mji, pale kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, linataka muuzaji. Akaenda. Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo.

"Nguo unazijua?"

"Nimezishona miaka yote, Bosi."

"Gari unaendesha?"

"Hapana."

"Hujajifunza, au hutaki?"

Fundi aliwahi kwenda kujifunza. Mwalimu wa udereva alimziba jicho la kushoto kwa kiganja, akamuuliza mbele yao kuna lori au kuna basi. Akajibu kwamba haoni kitu. Mwalimu akamfungulia mlango ashuke, na kwa haki ya Mungu alimfungulia kwa adabu.

"Sikiliza, mama," Bosi akasema. "Wateja wangu ni wasafiri. Wanashuka alfajiri wakati gari linajazwa mafuta, wananunua, wanaondoka. Basi la kwanza kutoka mjini likifika hapa, sisi tumeshauza. Kila ninayemwajiri ana usafiri wake. Wewe utakuja na nini, na ungo?"

Mwenye kukaa kwenye pesa, msichana waliyemwita Mrembo, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Nitaletwa na dada yangu," Fundi akasema. "Ana gari, na ofisi yao iko upande huu."

"Dada yako nimemwajiri mimi?"

"Ataniwahisha, Bosi. Nijaribu."

Bosi akamtazama jicho zima, kisha akamtazama lile jingine. "Haya. Miezi mitatu ya majaribio. Lakini ukichelewa, dirisha linakuhusu."

Habari ya dirisha Fundi alikuja kuijua baadaye. Dirishani pale palikuwa na sanamu za kuvalisha nguo, zile zisizo na uso. Moja ilianguka ikakatika kiuno, na Bosi hakuona sababu ya kununua nyingine wakati wafanyakazi wanachelewa. Ikawa ndiyo sheria ya duka: aliyechelewa anavalishwa gauni la siku hiyo, linabanwa kwa pini mgongoni likae sawa, anapandishwa juu ya boksi, anasimama pale mpaka mchana. Hasemi, hakai, hajikuni. Mteja akitaka kushika kitambaa, anashika. Wenzake wenye magari na pikipiki zao walisimama dirishani mara mojamoja, wakashuka wakitaniana. Fundi alisimama mara nyingi hata Mrembo akambandika jina la Mkaazi.

"Mkaazi, leo hujahama?" humwambia akipita. "Pale kuna buibui, mwambie naye alipe kodi."

Na kila mara Bosi humpanga vilevile. "Geuka. Jicho bovu liwe huku ndani. Wateja wa barabarani wasije wakaogopa."

Kuchelewa hakukuwa kosa lake. Kila asubuhi ilimpasa aombe lifti upya, kana kwamba hajawahi kuomba. "Shikamoo, dada. Naomba unipeleke kazini." Asiposema hivyo dada hawashi gari. Akiisha kusema, hukaa kiti cha nyuma, kwa kuwa cha mbele kilikuwa cha mkoba wa dada. Halafu safari yenyewe ina vituo. Kwa msusi, kuuliza kama yupo. Kwa rafiki, kupiga honi na kuongea dirishani, wacheke, waagane, waanze tena. Ofisini kwake dada aliingia muda autakao, hakuna wa kumuuliza.

"Dada, muda," Fundi aliwahi kusema kwa upole.

"Usinipumulie kisogoni! Hili siyo gari la kukodi. Una haraka, shuka."

Siku moja kweli alijaribu miguu. Aliondoka kiza kinene, akaparamiwa na mbwa, malori yakamrushia vumbi, na akafika kwa wakati. Bosi akamkagua kuanzia unywele hadi ukucha. "Umewahi, sawa. Lakini nguo za watu utazishika na vumbi hilo?" Akampeleka dirishani. Pikipiki nayo ingemla mshahara wote akabaki anafanya kazi ya kumlipa dereva.

Ila kulikuwa na chumba. Nyuma ya kile kituo cha mafuta, kwenye nyumba ya mjane mmoja, kulikuwa na chumba kitupu, sakafu ya saruji, dirisha linaloliangalia duka. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia, "Mimi sipangishi watu wa majaribio, leo wapo kesho hawapo. Ukithibitishwa kazi, njoo hata siku hiyohiyo." Fundi aliingia akakitazama. Ukutani palikuwa na msumari mmoja. Akasema moyoni, hapo nitatundika mtandio wangu. Toka siku hiyo kila akisali alimtajia Mungu chumba kile, na msumari wake akautaja. Akihamia pale hataomba lifti ya mtu. Atatoka mlangoni na ameshafika.

Likabaki juma moja tu athibitishwe.

Asubuhi ya tukio lenyewe, dada aliamua gari lioshwe kwanza. Fundi mwenyewe ndiye aliyelisugua, sketi ameikunja magotini, aharakishe. Walipofika, wasafiri walishaondoka zamani. Bosi alinyoosha kidole tu. Fundi akavaa gauni la zambarau lenye lesi, Mrembo akambana pini mgongoni, moja ikagusa nyama. Akapanda juu ya boksi.

Jicho zima lilikuwa upande wa barabara, ndiyo maana aliliona gari. Lilikuwa bado linang'aa kwa kuoshwa. Lilirudi karibu na mchana, likaegeshwa mbele ya dirisha kabisa, akateremka dada na rafiki zake wawili wa ofisini. Fundi akaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Karibuni, mabosi wangu!" Bosi akawapokea.

Dada akaenda moja kwa moja dirishani. "Nataka nione hili la zambarau." Akalishika gauni kifuani, akalivuta, akalipekua pindo, akamzungusha mdogo wake kwa bega kama anayezungusha birika kutafuta ufa. "Gauni zuri. Lakini hii sanamu yenu ina kasoro ya jicho. Mtanipunguzia?"

Wale rafiki wakacheka, halafu mmoja akaacha kucheka. "Jamani, huyu si sanamu, ni mtu! Si ndiye yule anayekaa kwako?"

"Ndiye. Mdogo wangu huyo. Mimi ndiye ninayemleta kila siku, bila mimi hafiki popote."

Bosi akachangamka. "Kumbe ni wewe, mama? Basi mbona anachelewa hivi?"

"Muulize kitanda chake," dada akasema. "Mimi nakaa kwenye gari namsubiri yeye."

Fundi hakusema. Sanamu haisemi. Mrembo alikuwa anamtazama kuona kama atajikuna.

"Maskini," yule rafiki akasema, akimchungulia usoni. "Na hilo jicho je? Ugonjwa?"

"Ugonjwa wapi! Utundu. Alijichoma mwenyewe na kitana, tangu mdogo hashiki kitu kikakaa."

Hapo ndipo mdomo wa Fundi ulipofunguka. Hakupiga kelele. Alisema kutoka juu ya boksi, jicho amelirudisha barabarani, maana alikatazwa kugeuka.

"Si mimi. Ni wewe, dada."

Dada akafumba mdomo, akaufumbua, uso ukamvimba. Wale rafiki wakajifanya wanatazama viatu.

"Umesemaje?"

"Ni wewe uliyenichoma. Unajua."

"Mnamsikia?" dada akawageukia watu, machozi yako tayari. "Nimemwokota, nimemlisha, na leo ananiita muuaji mbele za watu! Sasa nisikilize. Kuanzia kesho hupandi gari langu. Unataka kupanda, utayarudisha maneno hayo mdomoni mbele ya watu, kama ulivyoyatoa."

Akaondoka, na gauni hakulinunua. Bosi alimshusha Fundi kwenye boksi yeye mwenyewe, na kilichomuuma Bosi ni gauni kutonunuliwa tu.

"Ugomvi wenu wa ndugu sitaki kuujua," akamwambia kwa ile sauti yake ndogo. "Na nani alimchoma nani hainihusu. Bado siku chache nikuthibitishe. Kesho ufike mapema, na uje na gari. Ukichelewa, au ukija na vumbi, usisumbuke kuingia."

Jioni Fundi alirudi na basi. Kabla ya kupanda alipitia nyuma ya kituo cha mafuta. Chumba kilikuwa wazi, msumari upo.

Nyumbani hakuna aliyemwamkia. Shemeji yake, mume wa dada, mtu asiye na makuu wala usemi, alimkuta anachota maji, akanong'ona, "Shemeji, si uyaseme tu yaishe? Maneno tu hayo." Akapita upesi kabla hajaonekana.

Alfajiri Fundi alisali. Alimwomba Mungu amsamehe uongo anaokwenda kuusema, halafu akamwomba wasikute foleni. Akajitanda, akatoka.

Kwa mara ya kwanza tangu lifti hizo zianze, dada alikuwa ameshamtangulia. Amekaa kwenye usukani, wanja umekaa, gari linanguruma, mkoba kwenye kiti cha mbele. Hakuliegesha ndani kama siku zote, alilitoa mpaka barabarani, pale penye jirani muuza mboga na wateja wake wa asubuhi. Kioo kilikuwa kimepandishwa. Fundi akasimama hapo. Dada akakishusha kioo kidogo, kiasi cha sauti kupita.

"Sema kwa nguvu, wakusikie."

Jirani muuza mboga aliacha kunyunyizia maji. Wateja waligeuka. Fundi akainama mpaka uso ukafika usawa wa kioo, mtandio ukamteleza, wala hakuuvuta.

"Shikamoo, dada. Nilijichoma mwenyewe. Naomba unipeleke kazini."