Siku Niliyotengeneza Kheng ya Mzee Tou

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya ala za muziki katika mtaa wa Agincourt, huku ughaibuni, fundi mkuu, Mgoa mzaliwa wa Mombasa, alinipa akodiani iliyofumuliwa. "Bwana mdogo, usiguse kitu. Sikiliza kwanza." Nilikuwa nimetoka Tanga juzijuzi, nikijiona fundi tayari. Akanionyesha vilimi, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka upepo ukipita. Ukikwangua ncha, sauti hupanda. Ukikwangua shina, hushuka. Kazi hiyo niliifanya mpaka uzee ukanikuta.

Adui wetu alikuwa majira ya baridi, maana hita za nyumbani hukausha mbao zikapasuka. Baridi moja, miaka ya elfu mbili na kitu, aliingia Mzee Tou, mtu wa kabila la Wahmong kutoka milima ya Laos, pamoja na binti yake Mai, aliyemtafsiria. Alibeba kheng: mianzi sita mirefu iliyopenya chemba ya mbao, kila mmoja na kilimi chake cha shaba, ndugu kabisa wa vile vya akodiani. Chemba ilikuwa na ufa.

"Shangazi amefariki," alisema Mai. "Mazishi yanaanza kesho, na baba ndiye mpigaji."

Nikaziba ufa kwa gundi na uzi. "Mwambie ajaribu wimbo wenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. Wimbo wa msiba haupigwi pasipo na maiti. Akapuliza sauti mojamoja tu, basi.

Fundi mkuu akaniangalia. "Hujaisikia ikifanya kazi, hujamaliza. Chukua vifaa uende nao."

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa msiba, koti mwilini, gundi mfukoni. Mzee akainama, akaanza kuzunguka taratibu huku akipiga bila kunyamaza, kwa kuwa kheng hulia mtu akipuliza na hulia akivuta pumzi. Mimi nilikuwa nausikiliza ufa.

"Hapigi muziki," Mai alininong'oneza. "Anasema."

Kila sauti ilikuwa neno. Alikuwa akimwelekeza shangazi njia: aiage nyumba yake ya mtaa wa Jane na Finch, apitie kambi ya wakimbizi Thailand, avuke mto, apande hadi kijiji alikozaliwa, lilikozikwa kondo lake la nyuma. Kwao, kondo hilo ndilo vazi la marehemu kuvaa akienda kwa wazee wake waliotangulia. Wimbo ukikatika, anapotea njiani.

Kitovu changu kimezikwa Tanga, lakini sikuwahi kusikia mtu akirudishwa kwao mji kwa mji kwa pumzi za mwenzake. Na pumzi zote zile zilipita kwenye gundi yangu! Saa zikaenda. Mzee alitota jasho. Mimi sikuthubutu hata kukohoa. Ufa ukashika.

Sasa nimestaafu, vidole havitulii tena. Kila nilipomrudishia mteja ala yake nilimuuliza kama sauti iko sawa. Mzee Tou peke yake, siku ile wimbo ulipokwisha, nilimuuliza, "Amefika?"

Mai akatafsiri. Mzee akajifuta uso, akanitazama kwa upole.

"Amefika," alisema. "Vua koti, ukae tule."