Ukucha wa Ganze

Mnamo 1987 Gerishom, mwenye duka la vinyago Malindi, alimletea Kadii picha iliyokatwa kutoka jarida la Kizungu: mjusi mkubwa mla nyama, mdomo kama wa mamba. Ukucha wake, alieleza, uliokotwa miaka minne nyuma na fundi wa mabomba katika shimo la udongo wa matofali huko Uingereza. Wataalamu walipofukua mifupa iliyobaki, walikuta magamba ya samaki tumboni.

"Nitengenezee kama huu."

Kadii alichukizwa na lile dubwana, lakini pembe ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alichemsha pembe za ng'ombe, akazikunja zingali laini, akazifukia kwenye samadi mbichi mpaka zikaonekana za kale. Nzi walimfuata hadi jikoni.

"Wageni watauliza umepatikana wapi," Gerishom alisema.

"Waambie Ganze," alijibu akicheka. "Mawe ya kwetu ni ya tangu enzi za Nuhu."

Hakudhani wangekwenda. Aliposikia kwamba wazungu wanachimba huko Ganze kwa baba yake mdogo, Kalama, alipanda basi la kwanza. Aliwakuta, Gerishom akiwa nao, wamefika ubavuni mwa kigango cha babu, nguzo ya kuchongwa iliyosimamishwa kwa ajili ya roho yake, ambayo ikishasimama haiguswi. Ilikuwa imeinama. Jembe moja tu zaidi, ingeanguka. Mtu alikuwa ameitundikia shati lenye jasho, na chini yake makopo ya bia. Kadii alimgeukia mwenye duka.

"Gerishom, waondoe."

"Tulia, mama. Wameshalipa."

"Wamelipia mavi ya ng'ombe!"

"Na nani aliyeyapaka? Nyamaza, usijiharibie kazi."

Kadii alimpokonya mzungu mmoja ukucha, akauweka kwenye paji la uso, akalia kama ng'ombe. Akalia tena, mate yakimtoka. Yule mzungu akauchukua, akaunusa, akakunja uso, akautupa. Wakaondoka wakimtukana Gerishom.

Kadii akaanza kurudisha udongo shimoni kwa viganja. Akanyoosha mkono aondoe lile shati lililosahauliwa.

"Usiguse!" Kalama alisema, akisogea kutoka alikokuwa amesimama muda wote. Hata shikamoo aliyompa alipofika hakuwa ameiitikia. "Nani aliwatajia Ganze?"

Kadii aliinamisha kichwa.

"Kanawe," Kalama alisema, akatema mate kando. "Kisha urudi kwako Malindi. Shati tutaliondoa wenyewe."