Mafuta Ambayo Darsiti Hakuyamwaga

Kang Sarkum alipanda minazi maisha yake yote, asubuhi na jioni, kugema utomvu wa kupikia sukari. Mnazi ukigemwa hauzai nazi, kwa hiyo mkewe, Yu Darsiti, aliyeolewa akijua kukamua mafuta ya nazi kwa mikono yake, aliishia kununua mawese dukani kama sisi sote hapa Banyumas. Mimi ni Tumini, jirani yao, ukuta kwa ukuta; kwetu Kang ni kaka, na Yu ni dada. Nilimpenda sana yule mwanamke, lakini alikuwa mbishi kama nzi kwenye sufuria ya sukari.

Kang Sarkum alipoanza kukanyaga miiba bila kuisikia, tukajua kuna jambo. Zahanati wakamwambia ana kisukari, na damu yake imejaa mafuta. Muuguzi Endah akamkataza vyakula vya kukaanga. Kumkataza mtu wa kwetu mendoan! Vile vipande vyembamba vya tempe, mkate wa soya iliyochachuliwa, vimechovywa kwenye uji wa unga wenye majani ya vitunguu, vikaepuliwa vikiwa bado laini. Kang Sarkum bila mendoan hakuwa amekula.

"Si bora mniue tu," alisema. "Minazi nisipande, sukari niliyopika mwenyewe nisionje. Sasa na mendoan?"

Binti yao wa pekee, Rusmi, yuko Taiwan, anamtunza bibi kizee wa watu. Aliposikia habari za baba yake akatuma kasha zima la mafuta ya zeituni, kama yale anayopikia tajiri wake.

"Mama, mawese basi kwa Baba," alisema kwenye simu. "Mpikie haya tu. Huku wenye moyo mbovu ndiyo wanayotumia."

Darsiti akazipanga chupa kabatini, kando ya vyombo vya sikukuu. Akafungua moja, akaimimina yote kwenye karai, akakaanga. Alipomaliza akayachuja mafuta kwa kitambaa, akayahifadhi kwenye kopo. Kesho yake akakaangia yaleyale, na kesho kutwa. Sote tunafanya hivyo, nani anamwaga mafuta? Lakini sisi yakianza kunuka tunanunua mengine. Ya Rusmi, Darsiti hakuthubutu kuyamwaga. Yalikuja na rangi ya kijani, yakawa ya kahawia, yakawa meusi, na moshi wake ukawa unaniwasha macho mpaka jikoni kwangu.

"Yu, hayo ni mafuta au maji ya betri?" nilimuuliza.

"Koma wewe! Unajua mwanangu amemgeuza yule bibi kitandani mara ngapi ili nipate chupa hii? Leo niende nikamwage jasho lake mtaroni?"

"Basi fungua nyingine."

"Nyingine ni za Ramadhani."

Naye Kang Sarkum, kwa kuwa mafuta ni ya wagonjwa, akajiachia. "Mama Rusmi, niletee dawa yangu!" alikuwa akiita, na sahani nzima inakwisha pamoja na pilipili zake. Alikuwa na furaha, jamani. Miezi ile alifurahi kuliko alivyofurahi tangu aache kupanda.

Siku Endah alipokuja kumtazama kidonda cha mguu, aliliona karai.

"Yu, haya umeyakaangia mara ngapi?"

"Hata tone halijapotea," Darsiti akajibu kwa fahari.

Endah akakaa chini. "Yu wangu, mafuta mazuri si dawa. Yanafaa kuliko mengine yakiwa mapya, na yakiwa kidogo. Ukiyachoma tena na tena yanaharibika, yanaumiza mishipa. Hata mawese mapya yangekuwa afadhali. Na ule unga unampandishia sukari vilevile, hata ukaange kwa mafuta gani."

Darsiti hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa. Kuanzia siku ile alimchemshia mumewe tempe, na mumewe alipolalamika, aligeuza uso ukutani akalia.

Haikupita muda Kang Sarkum akaanguka kando ya kisima, upande mmoja umekufa. Hakuinuka tena. Endah alisema ugonjwa ule ulikuwa wa miaka mingi, hakuna awezaye kusema ni karai lililomuua. Alimwambia Darsiti hivyo kwa upole, zaidi ya mara moja.

Rusmi hakupata ruhusa ya kuja. Siku ya saba ya msiba, siku ya dua, wanawake tukiwa jikoni tunakata tempe, alipiga simu. Nilikuwa bega kwa bega na mama yake, nilisikia kila neno.

"Mama, yale mafuta Baba aliyala? Yalimsaidia japo kidogo?"

Darsiti akatazama kabati. Chupa zilizobaki zilikuwa zimejipanga, na lakiri zake hazijavunjwa.

"Aliyala, mwanangu. Aliyapenda mno. Kila akila anakutaja."

"Yamebaki?"

"Hata tone halijabaki."

Akaweka simu chini. Akashusha chupa moja, akaifungua, akakaanga sahani ya kwanza ya wageni. Mafuta yalipopoa kidogo akabeba karai kwa mikono miwili mpaka mtaroni, mafuta yangali safi unaona mpaka chini, akayamwaga yote. Akalisuuza karai, akarudi kabatini kuchukua chupa ya pili.