Watawala wa Kilwa Chumbani mwa Bibi

Chumba cha bibi yangu, mama yake baba, kilinukia ubani na karafuu hata mwaka ule wa ukame, vumbi la Kitui lilipoingia mpaka ndani ya mitungi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Bibi alizaliwa pwani, na kila baada ya swala ya alasiri alinikalisha mkekani anihifadhishe majina ya watawala wa Kilwa: kwanza ukoo wa Washirazi, kisha ukoo wa Mahdali, waliokitwaa kiti cha enzi wakakikalia mpaka Wareno walipouteka mji. Bibi alijihesabu Mshirazi. Wale Mahdali aliwataja haraka haraka, kama anayetema kitu kichungu.

Mama yangu hakuruhusiwa kuingia humo. Alikuwa Mkamba wa upande wa Mutomo, akasilimu alipoolewa na baba, lakini bibi hakumkubali. Kwa miaka kumi hakumwita kwa jina, alisema tu, "yule wa jikoni." Mama aliweka chakula mlangoni, nami nilimwonea haya badala ya kumhurumia.

Kisha bibi akaugua. Alasiri moja alianza kutaja majina, akafika kwa Mshirazi wa mwisho, akakwama. Akarudia toka mwanzo, akakwama pale pale, machozi yakamtoka.

"Nisaidie, mjukuu wangu."

Sikupata hata jina moja lililofuata. Siku zote akinifundisha nilikuwa nikichezea ukindu wa mkeka. Ndipo sauti yenye lafudhi ya Kikamba ikatoka mlangoni, ikamtaja Mahdali wa kwanza, kisha wa pili.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Ni mimi, mama. Nimekuwa nikisikia."

"Endelea," bibi akasema.

Mama akaendelea, amesimama na sinia mkononi, mpaka kufika kwa Wareno. Hakukaribishwa kuketi. Bibi aligeukia ukutani, na siku ya tatu akafariki bila kumwita jina. Mama ndiye aliyeongoza kumwosha.

Siku hizi nyumbani kwetu hatuulizani nani Mshirazi, nani Mkamba, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini wajukuu wakiniuliza habari za Kilwa, nataja majina matano, nakwama. Mama aliishi miaka thelathini baada ya siku ile, akiyajua yote, na sikuwahi kumwomba anifundishe.