Mama Kapenta

Ukipita mtaa ule wa komini ya Kenya, huku Kongo, nyuma ya soko, ukamwulizia Régine, watakuambia: yule ni mtoto wa Sakania, yatima, mke wa Paulin fundi umeme, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Sauti ya pili ni kweli. Paulin ni kweli. Sakania na uyatima ni uongo, na uongo huo Régine aliulea miaka kumi na sita kama mtoto wake wa kwanza.

Régine alizaliwa Mufulira, upande wa Zambia, na mama yake, Kangwa, yu hai mpaka leo. Mpaka wa Mokambo hauko mbali na kwao, Kibemba kinasemwa huku na huku, na msichana akivuka akakaa, nani atamjua? Alipochumbiwa, baba mkwe, mzee wa reli kutoka Kabalo, alisema mbele ya watu kwamba mwanawe hataoa mgeni. Régine akasikia, akanywea. Siku ya mahari, upande wa binti walikaa Godefroid na mkewe, watu wema wa kanisani waliokubali kujiita wajomba zake. Wakapokea mbuzi, wakapokea na kitenge cha mama wa bibi harusi, vigelegele vikapigwa. Kangwa alikuwa Mufulira anaanika samaki wake. Hakuwa na habari.

Alipokuja kuambiwa, hakulia mbele ya mwanawe. Aliuliza tu, akitaka kumwona, aje kama nani.

Akaja kama muuza samaki. Alivuka mpaka na beseni la kapenta, dagaa wakavu, akabisha hodi kwenye lango, na Régine akatoka kupatana naye bei. Ndiyo, umesoma vizuri: alibishana bei na mama yake mzazi, kwa sauti kubwa, ili mama mkwe aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, asikie. Kisha Kangwa akapewa kigoda kule jikoni, nyuma ya nyumba, akala bukari, ugali wa huku, peke yake huku akiwatazama wajukuu wakicheza. Keren, mjukuu mkubwa, alijifunza kutembea akiwa ameshika kidole chake, lakini naye, kama wenzake, alimwita Mama Kapenta. Kila Kangwa alipoondoka, Régine alijifungia bafuni, aibu ikimchoma mpaka masikioni. Halafu alinawa uso akatoka, maana kulikuwa na watu wa kulishwa.

Kilichomfichua ni wema wa mumewe. Baba mkwe alipofariki, Paulin alitaka karatasi za kiwanja ziandikwe majina yao wawili, na ofisini wakadai cheti cha uraia cha mkewe. Mwanamke mwingine angecheza ngoma. Régine alilia, na alipomaliza kulia alisema yote.

Paulin alichukua mfuko wake wa kazi akaondoka. Jioni akauliza, "Sasa kile kitenge, nilitoaka kwa mama ya nani?"

Hakumfukuza. Alimtafutia wakili.

Maître Kyakimwa alikuwa mwanamke wa Butembo, binti wa wafanyabiashara, asiye na subira na watu wanaozunguka maneno. Alimweleza Régine kwamba sheria haikumtupa: mgeni aliyekaa katika ndoa na Mkongomani zaidi ya miaka saba anaweza kuomba uraia, ila itambidi aachane na ule wa Zambia.

"Lakini, Mama Keren," akasema, "huwezi kuomba kitu ambacho unawaambia watu kwamba unacho tayari. Ili uwe Mkongomani wa kweli, lazima kwanza useme kwamba wewe ni mgeni. Useme ulizaliwa wapi, na nani."

Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Basi afisa angekuja nyumbani kufanya uchunguzi, na Kangwa angeshuhudia kwa mdomo wake. Wakili akauliza kama mama mkwe amekwisha ambiwa.

"Nitamuambia," akajibu Régine.

Hakumwambia. Jumapili mama mkwe alikuwa amechoka, Jumatatu alikuwa na furaha mno, na ukitafuta siku nzuri ya kusema jambo baya utazeeka ukitafuta. Paulin alimsukuma, akajibiwa aache, mambo ya wanawake hayo. Hata Kangwa hakuelezwa shauri lenyewe; kwenye simu Régine alimwambia tu aje Alhamisi na kitambulisho chake. Mwoga ni mwoga, hata akiwa na wakili.

Alhamisi ikafika. Afisa, mtu mzima mwenye miwani, aliketi barazani na faili mapajani. Wakili alikuwepo, Paulin alikuwepo, na majirani wawili walioitwa kutoa ushahidi. Mama mkwe alivaa kitenge chake kizuri, akidhani kwamba wageni wamekuja kwa mambo ya kiwanja. Kangwa naye akaingia na beseni lake. Alipoona viti vimejaa, aliinama kidogo kuwasalimu, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mama muzazi wa huyu iko wapi?" akauliza afisa.

Régine alielekeza jikoni kwa kidevu tu. Wakili akaenda mwenyewe, akamleta Kangwa aliyekuwa akifuta mikono kwenye nguo.

"Mama, uyu mwanamuke ni nani kwako?" akauliza afisa.

Kangwa alimtazama Régine, kisha akamtazama mama mkwe. Akafanya kile alichofundishwa miaka yote ile.

"Uyu? Ni client yangu, mukwai," akajibu kwa adabu ya Kibemba. "Minamuuzishaka kapenta. Iko mama muzuri, hana matata."

Afisa akafunga faili. "Maître, munanichezea?"

Mama mkwe akacheka. "Lakini mama ya Régine alikufaka zamani! Bote banajua."

Régine angeweza kuomba siku nyingine. Maneno yalikuwa yamekwisha panga foleni mdomoni: kuna makosa, mama huyu haelewi, tusameheane. Ila Kangwa, akigeuka kurudi jikoni, alimtupia jicho na kutabasamu kidogo, kwa siri, kwa furaha ya mtu aliyemwokoa mwanawe. Tabasamu lile lilimmaliza Régine. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mama yangu," akasema. "Uyu njo alinizaa. Mi minatoka Mufulira, ku Zambie. Nilibadanganya bote."

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililouma zaidi. Keren, kwenye kizingiti, alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mama Kapenta. Mama mkwe alijifunika mdomo.

"Na mi nilikuwa namupa chakula kule kunyuma," akanong'ona. "Kule kunyuma, Mungu wangu."

Afisa akafungua faili tena na kurudia swali lake. Kangwa alimgeukia Régine.

"Niseme?" akauliza.

"Sema."

Ndipo akasema: kwamba huyu alizaliwa masika, mvua ikipiga mabati, baba yake akiwa chini mgodini, na kwamba yeye, Kangwa, ndiye aliyemwita Chama, jina lake la kuzaliwa. Afisa aliandika yote. Faili likaondoka na wakili kuanza safari ya kwenda Kinshasa, na Régine akaambiwa asubiri, wala asihesabu siku.

Wageni walipotawanyika, Kangwa aliinama uani akifunga kitambaa juu ya beseni, ili auwahi mpaka kabla haujafungwa. Mama mkwe alikuwa pembeni, bado anatikisa kichwa. Régine alisimama mlangoni. Neno la mama hakuwahi kumwitia Kangwa katika nyumba hii.

"Mama!" akaita.

Mama mkwe akageuka. "Ee, mwanangu?"

Kangwa hakuinua hata kichwa. Aliendelea kufunga beseni lake.